Waifai Nyuma ya Mabati

Wezi wa siku hizi hawavunji milango. Bibi mmoja mpelelezi, aliyeitwa Kobe, alilijua hilo vizuri, lakini alianza na mlango vilevile, maana mazoea yana tabu. Aliinama akakitazama kitasa cha karakana ya Mama Pindo, akapitisha kidole kwenye bawaba, akazitikisa nondo za dirisha moja baada ya nyingine. Hakuna palipokwaruzwa. Akanyanyuka taratibu, mkono mmoja kiunoni. Jina la Kobe alipewa na wenzake alipokuwa bado polisi, kwa sababu ya mwendo wake. Walimcheka sana, na yeye akawaacha wacheke. Wengi wa waliomcheka walistaafu na majalada yao wazi, na yake aliyafunga yote.

Kilichoibiwa hapa hakikuhitaji mlango. Mama Pindo alikuwa fundi wa magauni ya harusi. Kila mshono mpya aliuchora kwenye kompyuta, na mchoro ukaenda kukaa kwenye kisanduku cheusi cha kuhifadhia kilichowekwa juu ya kabati. Sasa kwa mara ya tatu gauni lake lilikuwa limening'inia kwenye kioo cha duka la barabara ya juu kabla yeye mwenyewe hajamaliza kulipiga pindo. Si gauni la kufanana, la hasha. Lilikuwa lilelile, mpaka marinda ya mgongoni. Mabibi harusi walianza kumhama, na nani wa kuwalaumu? Hakuna anayetaka kuolewa amevaa gauni ambalo mji mzima umeshalizoea dirishani.

Na mwizi, kwa maneno ya Mama Pindo, alikuwa ameshapatikana.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akielekeza kidevu upande wa meza ya kukatia.

Pale, kwenye kigoda, alikaa Mkataji. Mikono yake aliilaza magotini, kama mtu anayesubiri daktari. Mkasi wake ulikuwa umechukuliwa na kufungiwa kwenye droo. Alikuwa na Mama Pindo tangu enzi za cherehani moja chini ya ngazi, na washonaji waliokuja baadaye walimwita baba. Alasiri hiyo polisi wangekuja kumchukua. Walikuwa wamemwambia Mama Pindo aandae ushahidi, kwa hiyo akamwita Kobe, naye Kobe hakupenda. Kuitwa kutafuta mwizi ni kazi. Kuitwa kumtafutia ushahidi mtu aliyekwisha kuhukumiwa ni kazi nyingine, na hiyo yeye alikuwa ameikataa tangu ujana wake. Alikubali kuja kwa sharti moja, kwamba atauliza anachotaka, na jibu litakuwa litakavyokuwa.

Mama Pindo akamweleza. Baada ya gauni la pili kuibiwa, alimwita fundi wa mitandao akaikata intaneti ya karakana kabisa. Ikabaki waifai ya ndani kwa ndani tu, ya kupeleka michoro kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye mashine ya kukatia. Akabadilisha na neno la siri, kwani la zamani alilijua kila aliyewahi kupita pale. Neno jipya walilijua watu wawili, yeye na Mkataji, kwani bila neno hilo mashine ya Mkataji isingepata mchoro wowote. Washonaji hawakuambiwa. Halafu gauni la tatu nalo likaibiwa.

"Sasa hapo unatafuta nini tena, bibi?" aliuliza. "Mimi sijajiibia."

Kobe akaliomba hilo neno la siri. Mama Pindo akasita, akatazama huku na huku, kisha akamwinamia sikioni akanong'ona: Kifundo. Aliona haya kidogo. Ndivyo mama yake, Mungu amrehemu, alivyokuwa akimwita alipokuwa mtoto, kwa sababu uzi wowote alioushika lazima angeuacha na vifundo. Pale karakanani hakuna aliyelijua jina hilo. Mkataji alitajiwa herufi tu, akaziandika kwenye mashine yake, hakuuliza maana.

Kobe akaliandika kwenye simu. Simu ikatetemeka, ikaleta ujumbe: Umeunganishwa. Hakuna intaneti. Akaufuta. Baada ya muda ukarudi tena. Akaufuta tena, akasonya, akaitia simu mkobani.

Fundi wa mitandao alifika akichechemea. Watu walimwita Antena, kwa kazi yake na kwa urefu wake pia, kwani kila mlango aliupita ameinamisha kichwa. Kobe alikuwa na shaka naye tangu alipotajiwa. Mtu aliyefunga mtambo ndiye anayejua tundu lilipo. Akamkalisha, akamwambia amfundishe kuanzia mwanzo, asiogope kumwona mjinga.

Antena alifurahi. Ni nadra mtu kumwomba aongee. Alieleza kwamba ile ruta ukutani ni redio ndogo tu, na kila kifaa humo ndani kinaongea nayo hewani: kompyuta, kisanduku, mashine ya kukatia. Ruta inatangaza jina lake, na anayelijua jina na neno la siri anaingia. Intaneti ni habari nyingine kabisa. Hiyo inaletwa na waya kutoka nje, na ukiukata, vifaa vya ndani vinaendelea kuongea vyenyewe kwa vyenyewe.

"Watu wanadhani waifai ndiyo intaneti," alisema. "Ni kama kudhani bomba ndiyo maji."

"Kwa hiyo mwizi hawezi kuwa mbali."

"Hawezi. Lazima awe ndani ya hewa ya ruta hii. Na michoro ya mama ni mizito, bibi. Ukiwa na kijistari kimoja cha mawimbi utakaa hapo mpaka uote ndevu."

Kobe akamuuliza ni nini kinachoyazuia mawimbi. Antena akajibu kuwa ukuta mnene unayapunguza, maji yanayameza, na chuma kinayarudisha yalikotoka. Mabati ndiyo adui mkubwa kuliko wote. Kobe akamuuliza tena kama kisanduku chenyewe kina kufuli lake, mbali na lile la waifai. Hapo Antena akaangalia viatu vyake. Hakina, alisema. Walikiacha wazi ili mashine isisumbue kila asubuhi. Anayeingia kwenye waifai anaona kila kitu.

"Yaani umefunga geti, ukaacha milango yote wazi mpaka chumbani."

"Ndiyo, bibi."

Hakumkemea zaidi. Alimuuliza kama yeye, aliyebadilisha neno la siri, hakulijua hilo jipya. Antena akasema kwamba aligeuza uso mama alipokuwa akiandika. Alijifunza zamani: fundi anayejua maneno ya siri ya wateja ndiye wa kwanza kukamatwa. Na wiki ile gauni la tatu lilipoibiwa, yeye alikuwa wodini, mguu kwenye plasta, baada ya kuanguka kutoka juu ya paa la mtu. Kobe akapiga simu wodini, muuguzi akathibitisha, na akaongeza kuwa mgonjwa yule ilibidi aunganishiwe vitanda viwili. Shaka juu ya Antena ikaishia hapo.

Wakazunguka. Kobe alitembea na simu mkononi, Antena akimfuata na mguu wake. Ndani ya karakana mistari ya mawimbi ilijaa. Ngazini ikapungua. Uani, nyuma ya tangi la maji, ikabaki mmoja unaocheza. Wakatokea kwenye kichochoro cha nyuma, penye ukuta mrefu wa mabati uliotenganisha kiwanja cha karakana na nyumba ya pili, na pale simu ikaiacha waifai kabisa. Kobe akasogea kushoto, akasogea kulia, akaigusisha simu kwenye bati lenyewe. Hakuna kitu.

"Basi mwizi alikuwa ndani," alisema Antena kwa sauti ya chini. Alimpenda Mkataji, na alionekana kujuta kwamba hewa imesema hivyo.

Kobe akarudi karakanani akavuta kigoda, akakaa uso kwa uso na mshukiwa.

"Neno la siri ulimwambia nani?"

"Hakuna."

"Mke wako?"

"Mke wangu hajui hata mimi nakata nini."

"Neno lenyewe lina maana gani?"

"Kumbe lina maana? Nilitajiwa herufi, nikaziandika."

"Na wewe Mama Pindo unamwitaje, mkiwa wawili?"

"Mama. Nimwiteje mwingine?"

 Miaka mingi ya kuhoji watu ilikuwa imemfundisha Kobe kwamba mwongo hujibu zaidi ya alichoulizwa, na huyu alikuwa anajibu pungufu. Akamuuliza nani mwingine huja pale karakanani. Mkataji akasema hakuna, labda Dada Mkubwa wa mama, anayekaa hapo nyuma, ng'ambo ya mabati. Zamani alikuwa akija, akaacha. Siku hizi ni mama ndiye anayekwenda kwake, kila gauni linapoibiwa. Huenda kulia huko, na anaporudi macho yamevimba lakini roho imetulia.

"Namshukuru yule dada," alisema Mkataji. "Bila yeye mama angeshaugua."

Kobe akaaga. Alitaka kusikia habari za Mkataji kutoka kwa mtu wa nje ya karakana lakini wa ndani ya familia. Sababu nyingine hakuwa nayo, na asingependa mtu amsifu baadaye kwamba alinusa kitu. Hakunusa kitu.

Nyumba ya Dada Mkubwa ilikuwa ya ghorofa moja, ya zamani, safi kupita kiasi. Vitambaa vya kufumwa kila mahali: juu ya kochi, juu ya meza, hata juu ya redio. Ukutani ilikuwepo picha ya mama yao ameinamia cherehani. Dada Mkubwa alimpokea Kobe kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kochi, akamletea chai kabla hajaulizwa. Alikuwa mwanamke mwenye sauti laini, ya kumlaza mtoto. Alisimulia bila kuulizwa jinsi alivyomuuguza mama yao mpaka mwisho, na jinsi cherehani ilivyokwenda kwa mdogo mama alipokufa. Ndivyo mambo yanavyokwenda, alisema. Mmoja anabaki na mgonjwa, mwingine anabaki na cherehani.

Kobe akamuuliza juu ya Mkataji.

"Yule sikumpenda tangu mwanzo," alisema Dada Mkubwa akimwongezea chai. "Lakini haambiliki. Kifundo akishamwamini mtu, basi. Mimi dada yake nitasema nini?"

Kikombe cha Kobe kilikuwa kimefika mdomoni. Akanywa, akakirudisha kwenye sahani bila kukigonga. Hilo lenyewe si ajabu. Dada kumwita mdogo wake jina la utotoni, kuna kosa gani? Nusu ya watu duniani wangekuwa jela.

Ndipo mkoba ulipotetemeka mapajani mwake. Akaitoa simu akidhani ni muuguzi wa wodini. Haikuwa simu ya mtu. Ulikuwa ule ujumbe aliokuwa akiufuta tangu asubuhi: Umeunganishwa. Hakuna intaneti.

Mistari ya mawimbi ilikuwa imejaa yote.

Kobe aliitazama simu, akautazama ukuta, na akilini akauona ule upande wa pili, mabati ambayo muda si mrefu uliopita aliyagusa kwa simu hiyohiyo ikawa imekufa. Simu haijui nyumba ya nani. Inajua jina na neno la siri, na inapovikuta vyote viwili inaingia yenyewe bila hodi. Kwa hiyo ndani ya nyumba hii kulikuwa na kitu kinachotangaza jina la karakana, kwa neno la karakana. Neno jipya.

"Hivi dada, unayo waifai hapa?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kupiga soga.

"Mimi? Waifai ya nini, mwenzangu? Mimi mtu wa redio."

Kobe akaitikia kwa kichwa. Kisha, palepale alipokaa, mbele ya mwenyeji wake, akampigia Mama Pindo. Akamwambia aje kwa dada yake, aje na simu yake, na amlete Antena. Akakata, akamalizia chai. Dada Mkubwa hakuuliza kwa nini. Alikwenda kuleta vikombe vingine viwili, na Kobe akamwona anavifuta kwa kitambaa vilivyokuwa tayari vikavu.

Mama Pindo alipovuka kizingiti, simu yake ikatetemeka mkononi. Akaisoma. Akamtazama Kobe, akamtazama dada yake, akaisoma tena. Antena hakungoja kuambiwa. Aliinua simu yake na kufuata mawimbi kama mtu anayefuata harufu ya kinachoungua, sebuleni, ngazini, juu. Walimsikia akichechemea darini, akasimama, akavuta pazia. Aliposhuka alikuwa ameshika kijisanduku cheupe chenye vipembe viwili, waya wake ukiburuzwa sakafuni.

Alieleza huku akikwepa macho ya watu. Kilikuwa kimechomekwa dirishani, nyuma ya pazia. Dirisha lile liko juu kuliko mabati, linatazamana na dirisha la stoo ya karakana. Kijisanduku kinaisikia ruta kule, kinarudia yote huku, kwa nguvu mpya.

"Na lile neno la siri tulilobadilisha?" aliuliza Kobe, ingawa jibu alikuwa nalo. Alitaka lisemwe.

"Siku tuliyolibadilisha kilikatika. Mtu amekiandikia upya."

Mama Pindo akakaa. Hakukaa kwenye kochi, alikaa kwenye mkono wa kochi, pembeni, kama mgeni.

"Nani alikwambia?" alimuuliza dada yake. "Sikumwambia mtu. Sikumwambia mtu, dada."

"Hakuna aliyeniambia. Nilijua hutaweka jina la mtu wa nje." Sauti ya Dada Mkubwa haikubadilika, ilikuwa laini vilevile. "Nilijaribu la mama, likakataa. La pili lilikuwa lako. Umesahau ni nani aliyekuwa anakufungulia hivyo vifundo? Mama alikuwa anakuita tu. Mimi ndiye niliyekaa na sindano mpaka macho yananiuma."

Kobe akauliza kijisanduku kilitoka wapi. Dada Mkubwa akajibu kwamba meneja wa duka la barabara ya juu alikileta mwenyewe, akakifunga, akamwonyesha jinsi ya kukiandikia. Michoro alikuwa akimtumia kwa simu.

"Wamekupa nini?" aliuliza Mama Pindo.

"Hawajanipa kitu. Waulize."

"Basi kwa nini?"

Dada Mkubwa alitandaza kitambaa cha kochi, akakinyoosha kwa kiganja, akakinyoosha tena.

"Ulikuwa huji," alisema. "Hupiti hata kunisalimia. Mabati haya hapa, na mimi nasikia cherehani ya mama inalia kutwa, na wewe huji. Lilipoibiwa la kwanza, ukaja. Ulilala hapa mapajani kwangu kama zamani. Ukakaa mpaka magharibi."

Mama Pindo alitoa mguno mdogo, kama mtu aliyechomwa sindano. Aliumia, na aliumia zaidi kwa kukumbuka jinsi alivyofarijika. Machozi yote yale. Mkono ule uliomfuta ndio ulioandika neno la siri.

"Na Mkataji?" aliuliza Kobe. "Alasiri hii anapelekwa ndani."

"Yule ana kwao," alisema Dada Mkubwa. "Mimi nina huyu tu."

Kobe alikuwa amewahi kuona wauaji, na wengine aliwahurumia. Huyu alishindwa kujua amweke wapi. Alikichukua kijisanduku kutoka kwa Antena, akakifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akamwambia mwenye nyumba asitoke mpaka polisi wafike, kwani sasa wangekuja kwake, na kwa meneja wa duka pia.

Mama Pindo alisimama. Alifika mlangoni, mabega yakaanza kumtikisika, na miguu yake, kwa mazoea tu, ikageuka kurudi kwenye kochi. Dada yake alikuwa ameshamfungulia mikono. Mama Pindo akajishika kwenye fremu ya mlango. Alisimama hivyo, hajui aende kulia wapi, kisha akatoka.

Karakanani, cherehani zote zilikuwa kimya. Mkataji alikuwa bado kwenye kigoda. Kobe akamwambia mbele ya washonaji wote kwamba hana kosa, akamweleza mwizi aliingiaje na kutoka wapi, bila kuficha. Washonaji wakaanza kupiga vigelegele, wakaviacha katikati walipouona uso wa Mama Pindo. Yeye alifungua droo, akautoa mkasi, akauweka mezani mbele ya Mkataji kwa mikono miwili.

"Nisamehe," alisema. "Mimi nilidhani…"

"Hukuniuliza, mama," alisema Mkataji. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Yule bibi kaniuliza leo, hanijui. Wewe hukuniuliza hata swali moja."

 Antena, ili mikono yake ipate cha kufanya, alikuwa amepanda kiti na kuifungua ruta. Akasema kila kitu kiko tayari, kisanduku nacho atakiwekea kufuli lake, bado neno jipya tu. Akaugeuza uso ukutani kama desturi yake. Mama Pindo akaliandika, akamwinamia Mkataji amnong'oneze, kwa kuwa bila neno hilo mashine yake isingefanya kazi.

Mkataji akaweka kiganja juu ya sikio lake.

"Usinitajie," alisema. "Nichapishie michoro kwenye karatasi. Nitakata kwa mkono."

Akauchukua mkasi, akaujaribu kwenye kipande cha kitambaa kuona kama bado ni mkali, akaanza kazi.